Tiketi Yenye Tundu Moja

Saa nane kasoro dakika tano mchana, Inspekta aliletewa mzee aliyempoteza mkewe.

Aliyemleta alikuwa ofisa usalama wa meli ya watalii, ile nyeupe ya ghorofa kumi na moja iliyofunga gatini tangu alfajiri. Ofisa yule alisimama mlangoni, hakutaka hata kukaa.

"Tunaondoka saa kumi na moja kamili," alisema. "Nahodha hasubiri mtu. Ninachotaka kujua ni kama tutaondoka na hawa wawili, mmoja, au bila hata mmoja."

"Utajua nikijua," Inspekta alijibu. "Fungua dirisha hilo kabla hujaenda."

Katika kituo kile cha polisi cha bandarini wenzake walimwita Chujio, mbele yake na nyuma yake. Walisema maneno ya watu hupita kwake kama chai, yakabaki majani. Mwenyewe hakulikubali jina wala kulikataa. Karibu naye, nyuma ya meza ndogo, alikaa Koplo, mzee wa miaka hamsini na minane mwenye goti bovu na mwandiko mzuri. Alikuwa amemzidi mkubwa wake umri kwa miaka kumi na saba, hivyo Koplo humwita Inspekta "afande", naye Inspekta humwita "mzee", na kazi ikaenda.

Mume aliketi alipoonyeshwa. Alikuwa mrefu, mkavu, shati limenyooka, kamba za viatu zimefungwa sawasawa. Alisema ni mpima ardhi mstaafu.

"Nieleze tangu mliposhuka melini, mzee wangu."

"Tulishuka saa mbili na dakika arobaini. Tukatembea hadi stesheni, dakika kumi na mbili. Tukapanda treni ya saa tatu na dakika kumi. Mjini tulifika saa nne kamili. Kanisa kuu, nusu saa. Makumbusho, dakika hamsini. Sokoni tuliingia saa tano na dakika ishirini na tano. Nikasimama kutazama ramani. Nilipoinua kichwa, hayupo."

"Ulimtafuta?"

"Dakika hamsini."

Koplo aliinua macho kutoka kwenye karatasi, akayashusha tena.

"Halafu?"

"Nikaona huenda amerudi melini mwenyewe. Nikapanda treni ya saa sita na dakika arobaini."

"Ana simu?"

"Iko chumbani. Haipendi."

"Afya yake?"

"Nzuri kwa umri wake. Ana miaka sabini na mmoja."

"Alivaa nini?"

"Gauni la buluu, sweta nyeupe. Na kofia ya njano tuliyopewa melini."

"Mligombana?"

"Hatujagombana tangu mwaka juzi," alisema mume, kwa sauti ileile ya kusoma ratiba.

Inspekta alimpa fomu ya mtu aliyepotea aijaze kwa mkono wake. Kisha akamwomba atoe vilivyomo mifukoni na kuviweka kwenye sinia la bati. Ni utaratibu, alimwambia, kila anayekaa kiti hicho hufanya hivyo. Mume akatoa miwani, leso, ramani iliyokunjwa mara nane, ratiba ya treni yenye alama za penseli, kadi mbili za mlango wa chumba cha melini, na tiketi mbili za treni, zile ngumu za karatasi nene, za kwenda na kurudi.

"Kadi hii ya pili ni ya mkeo?"

"Ndiyo."

"Pale ngazini pa meli wanaingia bila kadi?"

"Hapana."

"Basi angerudije melini mwenyewe?"

Mume alitazama sinia. "Sikuwaza hilo."

"Na tiketi yake ya kurudi unayo wewe."

"Yeye hupoteza vitu. Vyote nabeba mimi."

Inspekta aliziinua tiketi zile, moja mkono huu, moja mkono huu, akazielekeza dirishani. Moja ilikuwa na matundu manne. Nyingine ilikuwa na tundu moja tu, la duara.

"Hii mbona hivi?"

"Wakaguzi wengine wavivu," mume alisema.

Wakati huohuo simu ikalia. Ilikuwa kutoka mjini, wenzao walioanza kupekua soko. Muuza vikapu mmoja alikuwa amemwona mwanamke mwenye kofia ya njano akiingia teksi na kijana wa kiume. Alionekana kama anavutwa mkono. Namba ya teksi ilikuwa imepatikana.

Koplo alishasimama, goti na vyote. "Afande, tukimbie mjini."

"Kaa kwanza, mzee." Inspekta akamfuata ofisa usalama, aliyekuwa bado ukumbini akizungumza kwenye simu yake. "Hizi kofia za njano mmegawa ngapi?"

"Kila abiria moja. Elfu mbili na mia moja."

"Na leo wameshuka wangapi?"

"Nusu yao."

Inspekta akawaambia wa mjini waifuate teksi, kwa kuwa kazi ni kazi, ila wasiache kupekua. Yeye alikwenda melini. Alikuwa bado kwenye ngazi ya meli simu ilipolia mara ya pili. Mwanamke wa kwenye teksi alikuwa na umri wa miaka arobaini. Kijana alikuwa mdogo wake. Walikuwa wakikimbilia duka la viatu lisije likafungwa kwa chakula cha mchana, na sasa limefungwa, na dada mtu alikuwa akiwatukana askari kwa lugha tatu.

Chumba cha wanandoa kilikuwa ghorofa ya saba, chenye vitanda viwili vilivyosogezwa pamoja na mlango wa kioo unaotoka kwenye kibaraza kidogo juu ya maji. Kilikuwa nadhifu kupita kiasi. Mhudumu wa vyumba, dada mnene mwenye funguo kiunoni, alisimama pembeni mikono nyuma.

"Wageni hawa unawajua?"

"Mama namjua sana. Ni mpole. Huniuliza jina langu, nikimwambia anasema ni jina zuri."

"Amekuuliza mara ngapi?"

"Kila siku. Asubuhi, mchana na jioni."

Inspekta aliacha kufungua kabati. "Na jina ni lilelile?"

"Jina ni lilelile, afande. Siku tisa sasa."

Koplo alikuwa ameinama mlangoni mwa choo, akikwangua kitu kwa ukucha. "Hapa palibandikwa karatasi," alisema. "Selotepu imeacha alama. Na pale kwenye kabati. Na kwenye kioo cha kibaraza."

"Zilikuwepo," mhudumu akasema. "Zilikuwa na maandishi makubwa. Hapo paliandikwa CHOO. Pale, NGUO ZAKO. Kwenye kioo, USIFUNGUE, HUKU NI MAJI. Jana jioni zilikuwepo zote. Leo asubuhi niliingia kutandika, nikakuta zimebanduliwa. Nilidhani mama amepata nafuu."

Droo ya kitanda cha upande wa ndani ilikuwa na kisanduku cha plastiki cha vidonge, chenye vyumba saba, kila siku chumba chake. Vya siku zilizopita vilikuwa vitupu, jambo la kawaida. Lakini cha leo kilikuwa kitupu pia, na cha kesho, na cha keshokutwa. Vilivyobaki vilikuwa na vidonge.

"Hakuna anayemeza vya kesho leo," Koplo alisema.

"Mume amevitoa ili viende na mkewe," Inspekta akasema. "Twende stesheni."

Kutoka geti la bandari hadi stesheni palikuwa na mwendo mfupi, kando ya ukuta uliopakwa chokaa. Gari lao lingekwama nyuma ya malori ya makontena, hivyo walitembea, Koplo akilitukana goti lake kwa heshima. Treni ya saa nane na dakika hamsini ilikuwa tayari jukwaani, mabehewa manne ya rangi ya kijani, madirisha ya kushusha kwa mkono. Watalii wachache waliochelewa walikuwa wakiulizana kama kweli inafika mjini.

Mkagua tiketi wa zamu alikuwa ndiye yule wa asubuhi. Inspekta alimwonyesha tiketi zote mbili.

"Nisomee hizi."

Mkagua tiketi akatoa koleo lake la kutobolea mfukoni, kama fundi anayeulizwa juu ya kifaa chake. "Mimi natoboa duara, afande. Nakagua kuanzia hapa hadi stesheni ya makutano. Pale nashuka, anapanda mwenzangu wa upande wa mjini. Yeye anatoboa pembetatu. Kurudi ni hivyohivyo, pembetatu yake kwanza, halafu duara langu. Mwenye tiketi hii ya matundu manne amekwenda na kurudi."

"Na hii?"

"Huyu alipita kwangu kwenda. Kwa mwenzangu hakufika."

"Mwenzako hawezi kuruka mtu?"

"Siku nyingine labda. Leo alikuwa na bosi wake ndani ya behewa. Leo angemtobolea hata nzi."

"Unawakumbuka? Mzee mrefu, na mama mwenye gauni la buluu."

"Mama alinipa tiketi yake, nikaitoboa, nikamrudishia. Akanipa tena. Mzee akamshika mkono, akauweka mapajani pake. Polepole tu."

Treni ikaondoka. Inspekta alikaa dirishani, ratiba ya mume juu ya goti. Kati ya bandari na makutano palikuwa na vituo viwili vidogo, cha maghala na cha kiwanda cha sabuni.

"Inawezekana amemshusha popote hapo," Koplo alisema.

"Vituo hivi viwili treni inasimama nusu dakika. Mtu mwenye mke anayehitaji kushikwa mkono atamshusha, atamtafutia mahali pa kukaa, atamwambia neno, arudi behewani, kwa nusu dakika?" Akamwonyesha alama ya penseli. "Makutano inasimama dakika sita, wakibadilishana wakaguzi. Saa tatu na dakika thelathini na tano. Amepigia mstari mara mbili."

Alipiga simu ya stesheni ya makutano. Iliita hadi ikakata. Akapiga tena. Ikaita hadi ikakata.

Kiwanda cha sabuni kikapita, harufu yake ikaingia dirishani ikatoka. Walipofika makutano, mkagua tiketi wa upande wa mjini alikuwa akisubiri jukwaani kupanda, kijana mwembamba mwenye kofia iliyomzidi kichwa. Swali la Inspekta halikumpa shida.

"Yule mzee mrefu? Ndiyo. Alikaa behewa la pili, peke yake. Kiti cha pembeni kilikuwa na nafasi, abiria walikuwa wamesimama, nikamwuliza kama kina mtu. Akasema hakina."

"Neno lake lilikuwa hilo?"

"'Hakina mtu.' Ndivyo alivyosema."

Koplo akaandika, akiwa amesimama.

Stesheni ya makutano ilikuwa jengo moja refu la matofali lenye chumba cha kusubiria, ofisi ya mkuu wa stesheni, na kibao cha kuelekeza hospitali ya wilaya, kilomita mbili. Reli ziligawanyika hapo. Mbili zilikwenda mjini, na moja ya mizigo ilipinda kushoto na kupotelea nyuma ya tuta. Chumba cha kusubiria kilikuwa na mabenchi matatu, yote matupu. Mwanamke mmoja alikuwa akifagia chini yake.

"Mama wa gauni la buluu?" mfagiaji alisema. "Alikaa benchi hilo tangu asubuhi. Nilimsalimu. Akasema anamsubiri mumewe, ameenda kununua maji."

"Hukumwambia mkuu wa stesheni?"

"Nimwambie nini, afande? Humu watu wanasubiri, ndiyo kazi ya chumba. Saa saba nikaona bado yupo, nikampa nusu ya mkate wangu. Akala vizuri. Nilipotoka kwenda kuchota maji nikarudi, hayupo. Nikajua mume amekuja."

"Mlango gani alikuwa karibu nao?"

Mfagiaji alielekeza kwa kidevu. Mlango ule ulitoka upande wa nyuma, kwenye mteremko wa kokoto unaoshuka hadi reli ya mizigo. Inspekta akatokea hapo. Hatua arobaini mbele, katikati ya mataruma ya reli, palikuwa na kofia ya njano.

Hakuiokota. Alirudi mbio hadi ofisini. Mkuu wa stesheni alikuwa ndiyo kwanza anavua koti, ametoka kula.

"Treni ya mizigo inapita saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu. Tena imeshaondoka huko, sasa hivi itakuwa—"

"Saa tisa na dakika ishirini na moja sasa. Isimamishe."

"Afande, siwezi kusimamisha treni bila amri ya—"

"Amri ndiyo hii. Mzee, mwandikie jina langu na namba yangu, kwa mwandiko wako ule mzuri."

Mkuu wa stesheni aliwatazama wote wawili, kisha akavuta wenzo wa chuma wa ishara ya reli kwa mikono miwili. Mbali, juu ya nguzo, taa ikageuka nyekundu.

Walitembea juu ya reli, Inspekta mbele, Koplo nyuma akichechemea. Tuta liliwaficha yaliyo mbele. Kokoto zilikuwa za moto na kivuli hakuna. Walisikia honi kabla hawajaona kitu, honi moja ndefu ya hasira, halafu vyuma kusagana, halafu kimya. Inspekta akaanza kukimbia.

Nyuma ya kona palikuwa na geti la reli, mahali barabara ya vumbi inapokata njia. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama mita mia mbili kutoka hapo, dereva ametoa kichwa nje. Kando ya geti palikuwa na kibanda cha mlinzi, kamba ya nguo, na stuli mbili. Kwenye stuli moja alikaa mwanamke mzee mwenye gauni la buluu, akikunja mashuka.

Mlinzi wa geti, mwanamke wa makamo mwenye bendera nyekundu kwapani, aliwajia nusu njia.

"Mmekuja kumchukua? Afadhali. Nimemtoa relini mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa akihesabu mataruma. Simu yangu mbovu tangu juzi, na geti siwezi kuliacha, nikiliacha nimeua mtu. Nikaona nimpe mashuka. Tangu ameshika mashuka hajainuka."

Inspekta alichuchumaa mbele ya yule mama, apate pumzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani?"

Inspekta akamtajia.

"Jina zuri," mama alisema, akampa ncha mbili za shuka azishike.

Walilikunja pamoja. Kisha Inspekta akamwomba ruhusa aangalie mfuko wa sweta. Ndani yake mlikuwa na vifurushi vitatu vya karatasi, kila kimoja na vidonge vyake, na kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nane. Maandishi yalikuwa ya herufi kubwa zilizosimama wima, kama majina kwenye ramani:

NI MPOLE. HAPENDI KELELE. CHAI BILA SUKARI. VIDONGE VIWILI ASUBUHI, KIMOJA JIONI. ASANTENI.

Jina halikuwepo. Namba ya simu haikuwepo. Inspekta alikunjua fomu ya mtu aliyepotea aliyokuwa nayo kwenye daftari, akaweka karatasi mbili zile sambamba juu ya stuli. Koplo aliinama akaangalia, kisha akanyooka; mwandiko ulikuwa wa mtu mmoja hadi mkia wa herufi ya mwisho.

Saa kumi na robo walikuwa bandarini. Mama alipelekwa chumba cha mapumziko cha askari wa kike, akapewa chai bila sukari. Inspekta aliingia chumba cha mahojiano, akafunga mlango, akakaa.

Mume alikuwa ameketi vilevile.

"Amepatikana," Inspekta alisema.

"Wapi?" mume aliuliza.

"Unauliza wapi. Wengine huuliza kwanza kama ni mzima."

"Ni mzima?"

"Ni mzima." Akaweka mezani tiketi mbili. "Duara, pembetatu, pembetatu, duara. Hii ni yako. Hii yake ina duara moja. Mkeo hajawahi kuliona soko la mji huu."



Akaweka kipande cha karatasi juu ya tiketi. "Mwandiko wa nani huu?"

Mume alikitazama kwa muda mrefu kuliko muda unaohitajika kusoma maneno machache. Kisha akavua miwani yake. "Wangu," alisema.

"Karatasi za milangoni ulizibandua lini?"

"Leo saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa amelala. Sikutaka watakaokuja kumtafuta waone kwamba anaumwa, wangeniuliza kwa nini nilimwacha atembee sokoni peke yake."

"Ugonjwa wa kusahau. Tangu lini?"

"Mwaka wa tatu huu. Mwaka juzi alikuwa bado ananigombeza." Alikuwa akiikunja miwani na kuikunjua. "Usiku halali. Anatoka. Nimemrudisha ndani akiwa na nguo za kulalia, akiwa hana nguo za kulalia. Daktari akasema safari ya majini itamtuliza. Siku ya tano nilimkuta amepanda kiti kibarazani."

"Mna watoto?"

"Binti mmoja. Yuko mbali. Nimekuwa nikimwambia mama yake anaendelea vizuri."

"Kwa nini?"

"Ana maisha yake."

"Kwa nini makutano, si mjini?"

"Mjini pana kelele." Sasa alisema haraka zaidi, kama mtu aliyekaa na hoja zake muda mrefu bila wa kumwambia. "Pale pana kivuli. Pana benchi. Nilitazama kwenye ramani, hospitali ya wilaya iko kilomita mbili. Nilijua mtu atamwona, atasoma karatasi, watampeleka. Watu wa hospitali wanajua kazi hiyo. Mimi siijui. Nimejaribu, siijui."

Koplo aliandika hadi mwisho wa ukurasa, akageuza.

"Wewe ni mpima ardhi," Inspekta alisema. "Ramani unaisoma kuliko sisi sote humu."

"Miaka thelathini na sita."

"Ramani hiyo ilikuonyesha hospitali. Ilikuonyesha na reli ya mizigo?"

Honi ya meli ililia mara moja, ya kuwaita waliochelewa. Mume alisubiri iishe.

"Ilionyesha," alisema.

"Mzee," Inspekta alimwambia Koplo, "liandike neno hilo kama lilivyo."

Mlango uligongwa. Alikuwa ofisa usalama, na nyuma yake wapagazi wawili na masanduku mawili ya magurudumu. Inspekta alikwisha kumpigia simu, na hakuhitaji kuambiwa tena. Alitia saini kwamba ameteremsha mizigo ya abiria wawili, akaacha na karatasi ya meli yenye jina na namba ya jamaa wa kuarifiwa, akaondoka kwa mwendo wa mtu mwenye saa. Inspekta alimsomea mume makosa anayoshukiwa nayo: kumtelekeza mtu asiyejiweza mahali pa hatari, na kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Alimwuliza kama ameelewa. Mume alisema ameelewa. Akaomba kalamu, akatia saini kila ukurasa pembeni, kwa herufi zilizosimama wima.

"Naweza kumwona?"

"Kesho. Daktari akishamwona kwanza."

"Atauliza nimeenda wapi."

"Hajauliza tangu tumkute," Inspekta alisema, na hilo lilikuwa kweli, na mume akainamisha kichwa.

Saa kumi na moja kamili meli ilijitoa gatini. Kwenye dirisha la chumba cha mapumziko iliziba mwanga wote kwa dakika mbili, ghorofa baada ya ghorofa, watu wenye kofia za njano wakipunga mikono kutoka vibarazani. Mama naye aliwapungia. Alikuwa amemaliza chai yake na kuosha kikombe. Mhudumu wa hospitali ya wilaya alikuwa njiani.

Inspekta alipiga namba iliyokuwa kwenye karatasi ya meli. Aliipokea sauti ya mwanamke, nyuma yake kukisikika mashine ya ofisi. Alijitambulisha, akasema mama yako ni mzima, yuko hapa mbele yangu, na kabla hajaendelea binti alikwisha kuomba kuzungumza naye. Inspekta akampa mama mkono wa simu.

Mama aliuweka sikioni kinyume, akaugeuza. Uso wake ulifunguka wote.

"Mwanangu! Nimeijua sauti yako. Umekula?" Akasikiliza. "Mimi nimekula. Nimekula mkate, nimekunja mashuka ya watu. Hapana, silii, wewe ndiye unalia. Usilie." Akasikiliza tena, safari hii kwa muda mrefu, nyusi zikikaribiana.

Kisha akafunika simu kwa kiganja, akamgeukia Inspekta, akashusha sauti kama anayeomba msaada kwa jambo la aibu.

"Anamwulizia baba yake. Nimwambieje?"

Inspekta alivuta kiti kingine, akaketi karibu naye, akanyoosha mkono apewe simu.